Karatasi Kabla ya Lori: Kuuza Chakula kwa Halmashauri na Kuvusha Mazao Tunduma na Kasumulu

Mfanyabiashara wa mchele wa Mbarali au maharage ya Mbozi ana wanunuzi wa kila namna, ila wawili humdai karatasi kabla ya kumdai mzigo. Wa kwanza ni serikali yenyewe: shule ya bweni, hospitali ya wilaya, chuo, gereza. Wa pili ni yule wa ng'ambo, Nakonde upande wa Zambia ukivuka Tunduma, au Karonga huko Malawi ukivuka Kasumulu, au mbali zaidi huko Lubumbashi, Kongo. Ukikaa soko la Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi moja utasikia watu wakizungumzia biashara hizi mbili kama vile hazijuani. Kwangu ni mtihani mmoja wenye maswali mawili. Kilichoandikwa ndicho kilichomo kwenye gunia? Aliyetajwa ndiye anayeuza? Aliyezoea kuyajibu kwa halmashauri ya wilaya yake hatoki jasho jingi mpakani.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mtu mwenye tani chache au lori moja, au kikundi cha akina mama na vijana kinachotaka kuanza. Viwango vya ada sivitaji kwa sababu hubadilika mara kwa mara, na kila mfumo hukuonyesha kiasi kabla hujalipa. Mfumo usipokuonyesha, na mtu akakutajia kiasi kwa mdomo, hapo simama.

Hatua ya 1: Jina liwe moja

Panga mezani kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kama biashara ina jina lililosajiliwa, leseni, taarifa ya akaunti ya benki, na risiti moja iliyotoka kwenye mashine yako ya EFD, ile ya risiti za kodi. Soma jina kwa sauti, karatasi moja baada ya nyingine. Mara nyingi utakuta leseni ina jina la mume, akaunti ina jina la mke, na risiti imeongezewa "na Wanawe" ambao BRELA hawawajui. Rekebisha sasa hivi, kabla ya jambo lingine lolote. Mifumo ya serikali siku hizi inasomana, na majina yasipooana hakuna mtu wa kumwelezea. Ombi linagoma tu.

Kuhusu leseni, jambo moja huwaponyoka wengi: ile ya duka uliyopewa na halmashauri haikufanyi kuwa muuzaji wa nje ya nchi. Leseni ya kuuza nje iko katika kundi linalotolewa na BRELA, na huombwa kwa mtandao. Ukitaka milango yote miwili, ziombe zote mbili.

Hatua ya 2: Jisajili NeST, kwa mkono wako

Ununuzi wa umma Tanzania unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma namba 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024, na msimamizi wake ni PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Zabuni hupita kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Anwani yake ni nest.go.tz. Zile habari za bahasha zilizofungwa kwa lakiri na kutumbukizwa kwenye sanduku la zabuni zimekwisha.

Wengi husajiliwa na kijana wa kibanda cha steshenari. Hakuna ubaya kusaidiwa kuchapa. Ubaya ni pale barua pepe inapokuwa ya kijana, namba ya simu ya kijana, na nywila anaijua yeye peke yake. Siku taarifa ya ushindi ikitumwa, anaipata yeye. Tumia barua pepe yako na simu yako, nywila iandike kwenye daftari la nyumbani.

Ndani ya mfumo utachagua aina za biashara unazofanya. Chagua kwa makini, maana zabuni zitakufuata kwa kufuata aina hizo: aliyejiandikia vifaa vya ofisini haoni zabuni ya maharage. Usijaze kila kitu ukidhani unajiongezea riziki. Mnunuzi ataomba ushahidi wa uwezo katika kila ulichodai unakiweza.

Kama ninyi ni kikundi cha vijana, wanawake, wazee au watu wenye ulemavu, kuna mlango wenu. Sheria inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu. Njia huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri, ambaye ndiye hukitambua kikundi na kukiunganisha na taasisi wezeshi ili kiingie NeST kama kundi maalumu. Kikundi kisichopitia huko hushindanishwa na kampuni kubwa kama mshindani mwingine yeyote, halafu kinalalamika kwamba asilimia 30 ni hadithi.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya serikali

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Kila taasisi huweka NeST mpango wake wa ununuzi wa mwaka. Ufungue mwezi Julai, tafuta taasisi za Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au popote unapoweza kufikisha mzigo, uone nani atanunua nini na robo gani. Ukijua kwamba mwezi Februari shule fulani itataka maharage, unayanunua Mbozi wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Mwenzako atakayengoja tangazo atayanunua kwa bei ya Februari.

Mwezi wa Juni una joto lake. Ofisi zinakimbizana kufunga hesabu, maagizo yanatoka kwa haraka, na malipo yasiyokamilika kabla ya tarehe 30 yanaingia kwenye foleni ya madeni. Agizo la wiki ya mwisho ya Juni lichukue kama tu una uwezo wa kungoja.

Ujue pia kwamba vitu vinavyotumika na ofisi nyingi mara kwa mara, kama vifaa vya kuandikia, vifaa vya usafi na vipuri, mara nyingi hununuliwa kwa wazabuni walio kwenye mikataba maalumu inayoratibiwa na GPSA, Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini. Nafasi za kuingia kwenye orodha hiyo hutangazwa NeST.

Hatua ya 4: Soma sifa za bidhaa, ndipo upige hesabu

Zabuni ya chakula hutaja sifa: aina ya maharage, daraja la mchele, kiwango cha chenga, unyevu, uzito wa gunia. Watu huruka kurasa hizo na kukimbilia jedwali la bei. Halafu wanashinda kwa bei ya mchele wenye chenga nyingi, wakati zabuni ilitaka daraja la kwanza.

Unapopanga bei ya gunia moja kufika shuleni, hesabu bei ya shambani, gunia lenyewe, upakiaji na ushushaji, usafiri hadi getini (barabara za Makete na Ileje wakati wa masika zina bei yake), ushuru wa mazao, muda utakaokaa bila kulipwa, na kodi ya zuio. Hiyo ya mwisho ni asilimia 2 ya malipo ya bidhaa zinazouzwa kwa serikali. Kwa ankara ya shilingi milioni 10, laki mbili hukatwa kabla fedha haijafika benki. Haipotei: dai cheti cha kodi ya zuio, na kiasi hicho kitahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka. Wapo waliouza miaka na miaka bila kudai vyeti hivyo, wakalipa kodi ile ile mara mbili.

Usiongeze bei ukidhani serikali ina hela. Sheria ya 2023 imekazia bei ya soko, na ofisa ununuzi wa Mbeya anajua gunia linauzwaje kwenye masoko ya Soweto na Uyole kama unavyojua wewe. Bei ya chini mno nayo ni mtego, kwa kuwa ukishindwa kuleta mzigo unaweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma.

Hatua ya 5: Peleka, pata sahihi, lipwa

Mzigo usitoke ghalani kwa simu ya mtu, hata kama simu ni ya mkuu wa shule mnayeabudu naye kanisa moja. Ngoja agizo la ununuzi, ile LPO, likiwa na jina lako, kiasi na bei. Ukifika, mzigo hupimwa na kukaguliwa na kamati ya mapokezi ya taasisi. Hakikisha wanasaini na kugonga muhuri kwenye hati yako ya kupeleka mzigo, na idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Magunia matatu yakikataliwa, yaandikwe matatu yamekataliwa. Usikubali kusainiwa "pungufu" bila namba.

Kisha ankara, na risiti ya EFD. Serikali hulipa kupitia mfumo wa MUSE moja kwa moja benki, kwa hiyo tarakimu moja ya akaunti ikikosewa malipo hurudi yalikotoka. Uliza kwa heshima lakini uliza kila wiki, kwa mhasibu na si kwa mlinzi.

Ukishindwa zabuni na ukaona umeonewa, usilalamike kwa madiwani. NeST hutoa notisi ya kusudio la kutoa tuzo, na notisi hiyo ina siku chache za kupokea malalamiko. Lalamiko la kwanza huenda kwa ofisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi hiyo hiyo. Usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni. Siku zikipita, haki imepita nazo. Akitokea wa kukuomba chochote ili ushinde, TAKUKURU wana ofisi kila mkoa.

Huo ndio mlango wa ndani, na kwa kusema kweli ndio rahisi. Sasa mpakani.

Hatua ya 6: Anza na masharti ya mnunuzi

Kosa linalokausha mitaji ni kupakia kwanza, kuuliza baadaye. Cheti cha afya ya mimea hakisemi mzigo wako ni mzuri kwa jumla. Kinasema umetimiza masharti ya nchi fulani. Bila kuyajua masharti hayo, mkaguzi wetu hana cha kuthibitisha. Kwa hiyo mwambie mnunuzi wako wa Zambia au Malawi aanze yeye: aombe kibali cha kuingiza kwa mamlaka za kilimo za nchi yake, akutumie nakala. Humo mtaona kama mzigo ufukizwe, kama upimwe maabara, na kama kuna tamko la ziada kuhusu mdudu au ugonjwa fulani.

Uliza upya kwa kila mzigo. Kibali cha mwaka jana hakikusaidii, maana milango ya mazao hufungwa na kufunguliwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti ya usajili na vyeti vya vipimo. Mwaka 2023 serikali yetu yenyewe ilipokazia vibali vya kusafirisha nafaka, malori yalilala mipakani. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mazao kadhaa kutoka nje, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kufunga mazao ya Malawi na Afrika Kusini, hadi mazungumzo yalipofanyika. Aliyekuwa na ndizi au tangawizi barabarani Kyela wiki zile hakuwa na wa kumlaumu.

Kuna jambo jingine la mwaka 2025. Agizo la serikali la mwezi Julai linakataza wasio raia kununua mazao shambani. Mgeni akikuomba umzungushe vijijini Ileje anunue mwenyewe kwa jina lako, kataa. Nunua wewe, mwuzie wewe, karatasi zikiwa na jina lako.

Hatua ya 7: Andaa mzigo wenyewe

Hapa ndipo fedha hupotea au huokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unyevu kwanza. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni, na ile aina hatari zaidi, B1, isizidi 5. Kung'ata punje kwa meno si kipimo. Tafuta kipima unyevu. Vikundi vinaweza kuchangia kimoja. Mahindi ya nyanda zetu hukauka taratibu kwa sababu ya ukungu na baridi, na mahindi yaliyofungwa na unyevu ndiyo yanayoota kuvu ndani ya gunia. Ukungu wa juu unaweza kuupepeta, sumu yake huwezi.

Ukipeleka sampuli maabara, chota magunia mengi, juu, katikati na chini. Sumukuvu haikai sawasawa: magunia kumi yanaweza kuwa safi na la kumi na moja likaangusha mzigo wote. Sampuli ya gunia moja zuri ni kujidanganya, kwa sababu wa ng'ambo naye atachota.

Kisha wadudu. Fukusi na dumuzi hai ndani ya gunia watarudisha lori. Ufukizaji hufanywa na mtu mwenye leseni, kwa dawa iliyosajiliwa, chini ya turubai lisilopitisha hewa. Vidonge vya fosfini vinaua watu. Usivinunue ukaviweka mwenyewe kwenye chumba kinachopakana na unapolala. Familia zimeangamia hivyo. Panga siku za kutosha, maana gesi hiyo hufanya kazi polepole kwenye baridi, na baridi ya Juni na Julai ya Uyole au Makambako huongeza siku chini ya turubai. Mfukizaji atakupa hati yenye dawa, kipimo, muda na joto. Itunze, kwani taarifa hizo zitanakiliwa kwenye cheti.

Magunia yawe mapya au safi kabisa, yenye uzito unaolingana, yaliyoandikwa alama yako. Lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita mdomo wake, isahau. Gunia lisilozidi kilo 100 ndiyo sheria ya vipimo, na Wakala wa Vipimo hawacheki na viazi vya Isongole vilivyovishwa kilemba. Zaidi ya faini, lumbesa inaharibu hesabu: cheti kinasema tani 30, mzani wa barabarani pale Mpemba unasema nyingine, na hapo lori zima linatiliwa shaka.

Ukitumia palati za mbao kwa mzigo wa mbali, mbao ziwe zimetibiwa kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 au kwa njia nyingine inayokubalika, na zigongwe muhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea. Iringa na Mufindi tumejaliwa mbao, ndiyo maana watu hujitengenezea palati za bei rahisi nyuma ya ghala. Matunda yanaweza kuwa safi na bado yakakataliwa kwa sababu ya palati.

Hatua ya 8: ATMIS na mkaguzi wa afya ya mimea

Maombi ya kibali cha kusafirisha mazao na cheti cha afya ya mimea hufanyika kwenye mfumo wa ATMIS wa Wizara ya Kilimo. Anayekagua na kutoa cheti ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Makao yake makuu ni Arusha, lakini usifunge safari: wakaguzi wapo huku na mipakani.

Jaza ombi, pakia kibali cha mnunuzi, ankara na hati ya ufukizaji, lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, kisha panga siku ya ukaguzi. Mwite mkaguzi mzigo ukiwa ghalani, umepangwa ili apite katikati. Lori likishafungwa turubai, mkaguzi ataona magunia ya nyuma tu, na mkaguzi makini atakuambia ushushe. Ushushaji na upakiaji wa mara ya pili ni gharama yako.

Cheti kikitoka, usikikunje na kukitia mfukoni. Kisome ukiwa bado mbele ya ofisa. Jina la muuzaji na la mnunuzi, herufi kwa herufi. Jina la kitaalamu la zao: maharage *Phaseolus vulgaris*, mahindi *Zea mays*, viazi mviringo *Solanum tuberosum*, parachichi *Persea americana*. Uzito na idadi ya magunia. Alama za magunia. Mahali zao lilipolimwa. Matibabu yaliyofanyika. Tamko la ziada, kama kibali kililidai, liwe neno kwa neno. Kosa la herufi hurekebishwa ofisini kwa muda mfupi. Kosa hilo hilo Nakonde linaweza kukulaza kwenye foleni huku viazi vikichipua. Usifute wala kuandika juu kwa kalamu. Cheti kilichokwaruzwa ni batili.

Cheti kina umri. Mazao yanayokwenda Ulaya, kwa mfano, hutakiwa yaondoke nchini ndani ya siku 14 tangu cheti kitolewe. Ndiyo maana cheti huombwa baada ya usafiri kujulikana.

Mchele nao huleta mabishano: watu husema umeshakobolewa, hauoti, cheti cha nini? Hauoti kweli, ila fukusi anaula. Fuata kibali cha mnunuzi kinavyosema.

Hatua ya 9: Vyeti vingine

Bidhaa iliyosindikwa, kama unga, karanga zilizosagwa, mvinyo wa matunda au asali iliyofungashwa, huhitaji uthibitisho wa ubora wa TBS, Shirika la Viwango. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza kwa barua ya utambulisho; kuna nafuu ya ada ambayo asiyeuliza haipati. Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, hupima mionzi kwenye chakula na kutoa cheti chake. Mazao yenye bodi, kahawa na chai hasa, yana njia ya bodi zake na sitaigusa hapa. Nafaka na mazao mchanganyiko yana msimamizi anayeitwa COPRA. Uliza usajili unaokuhusu kabla msimu haujaanza.

Usiombe vyeti vyote kwa hofu. Waulize mnunuzi na wakala wa forodha orodha, ombeni vinavyotakiwa. Nimeona mafaili manene yaliyokosa kimoja tu, na ndicho kilichohitajika.

Hatua ya 10: Cheti cha uasili, na kwa nini COMESA haikuhusu

Cheti hiki humwezesha mnunuzi wako kuingiza bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha, au kwa ushuru pungufu, kwa kuwa imezalishwa ndani ya jumuiya. Kwa mazao ya shambani ni rahisi kuthibitisha: yamelimwa hapa yote.

Tatizo hutokea kwenye kuchagua jumuiya. Zambia na Malawi wamo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na pia SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo dada wa Nakonde anayekuambia "lete karatasi ya COMESA, ndiyo tunayotumia na wa Malawi" anasema kweli kwa upande wake, ila wewe huwezi kuipata. Ya kwako ni ya SADC, ambayo eneo lake huru la biashara lilianza 2008. TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ndio wanaoitoa, na maombi huwasilishwa kwa mtandao pamoja na ankara na orodha ya vifungashio. Kwa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ni cheti cha Afrika Mashariki kupitia TRA, na mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 una cheti kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani hapo hapo. Nafuu hiyo ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usiitegemee Tunduma kwa mzigo wa Zambia.

Kongo ni habari ya peke yake. Iliingia Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mzigo wa Lubumbashi unakatiza Zambia nzima hadi Kasumbalesa. Unahitaji karatasi za kupita Zambia, na upande wa Kongo kuna ukaguzi wa shirika lao la OCC. Mzigo wa kwanza wa Kongo usiupeleke peke yako. Ungana na mwenye uzoefu.

Hatua ya 11: Barabarani na mpakani

Lipa ushuru wa mazao ulikonunulia, udai stakabadhi: asilimia 2 kwa mazao ya chakula, 3 kwa ya biashara, na mzigo usiozidi tani moja haustahili kutozwa. Stakabadhi hiyo ndiyo itakayokupitisha kwenye mageti ya halmashauri zinazofuata.

Tamko la forodha hufanywa na wakala mwenye leseni. Mchague mwenye ofisi inayojulikana, mpe nakala za karatasi zote siku kadhaa kabla, ili mzigo ufike Tunduma tamko likiwa tayari. Vishoka wapo kibao pale stendi, wanajua kila kitu isipokuwa mahali wanapopatikana kesho yake. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019, na utaratibu wa vituo hivi ni lori kusimama mara moja, upande linakoingia, likutane na maofisa wa nchi zote mbili. Maana yake cheti chako kitasomwa na Mtanzania na Mzambia walioketi karibu. Dereva awe na nakala halisi, na awe na namba ya simu ya mtu anayeweza kujibu maswali usiku.

Parachichi ina mambo yake

Rungwe na Njombe hawahitaji kufundishwa kulima parachichi aina ya Hass. Kinachowaangusha ni kuvuna mapema. Kwa soko la Ulaya tunda la Hass linatakiwa liwe na mada kavu (kinachobaki maji yakitolewa) isiyopungua asilimia 21; chini ya hapo linasinyaa na kuwa kama mpira badala ya kuiva. Mnunuzi anayekuja na lori kabla ya tunda kukomaa akikuambia "nitalipa tu" anaharibu jina la wilaya nzima. Tangu Desemba 2019 Ulaya inadai cheti cha afya ya mimea kwa matunda karibu yote mabichi, parachichi ikiwemo. China ilifungua mlango mwaka 2022, ila shamba na kituo cha kufungashia lazima visajiliwe na kutambuliwa kwa majina. Mkulima mdogo aingie huko kupitia chama cha ushirika au kampuni yenye kituo kilichosajiliwa, na daftari lake la dawa lijazwe siku ya kupulizia. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja kwa kalamu ile ile, mkaguzi hulitambua akilifungua tu.

Mzigo ukikataliwa

Usianze kubishana wala kutafuta njia ya panya ya Mto Songwe. Omba sababu kwa maandishi, yenye jina la mamlaka na tarehe. Piga picha mzigo, alama za magunia na karatasi. Kama kosa ni la karatasi, wasiliana na ofisi iliyoitoa. TPHPA wanaweza kutoa cheti mbadala panapostahili, na wakala atarekebisha tamko. Kama ni wadudu, uliza kama unaruhusiwa kufukiza upya mpakani au lazima urudi. Kama ni sumukuvu, mzigo ule usiuze kimyakimya Tunduma sokoni wala kwa mfuga kuku. TBS na mkaguzi wa mimea ndio wa kuelekeza ufanyiwe nini. Mjulishe mnunuzi siku hiyo hiyo, na kabla hujalipia lori la kurudi, mtumie ile karatasi ya sababu akaulize na yeye kwao, maana mara nyingine kibali alichokutumia yeye ndicho kilichokwisha muda.